Ulimbo wa Baba na Mkono Wangu wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mpira. Nilipewa ufagio. Klabu yetu ya Mizani haikuwa na uwanja wa maana. Ilikuwa na yadi ya saruji nyuma ya ofisi za kampuni ya kutoa mizigo forodhani, hapo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na ndani ya yadi hiyo malori yalilala. Kila alasiri kabla ya mazoezi madereva waliombwa wasogeze magari ukutani, kisha wachezaji wote wakashika mafagio, wakafagia changarawe na kumwaga maranda ya mbao juu ya madoa ya oili ili mtu asiteleze akavunja nyonga. Kocha mwenyewe alifagia mbele ya lango. Mimi nilisimama na ufagio wangu nikijiuliza kama nimeajiriwa kucheza au kufanya usafi.

"Anza na hiyo kona ya kulia," Kocha aliniambia. "Hapo ndio utakaa mpaka uzeeke, kwa hivyo uijue vizuri."

Alisema kwa mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kona ile niliichezea tangu usichana wangu mpaka magoti yalipokataa, na sikuwahi kuvaa jezi ya klabu nyingine. Nyinyi vijana mnaohama klabu kabla jezi haijapauka mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilibaki. Huwa nawajibu kwa utani. Leo nitajibu vizuri, ila mnivumilie kwanza nieleze kazi yenyewe.

Mpira wa mikono huchezwa na watu saba kila upande, kipa akiwemo. Mbele ya lango huchorwa mstari wa mita sita uliopinda, na ndani ya mstari huo hakanyagi mtu ila kipa. Mshambuliaji anachoweza kufanya ni kuruka juu ya mstari na, akiwa bado hewani, kuuachilia mpira kabla miguu haijagusa chini. Mpira ukiwa mkononi una hatua tatu, basi. Baada ya hapo uudundishe, utoe pasi au utupe. Winga ndiye anayekaa pembeni kabisa, kwenye kona. Sasa, winga wa kona ya kulia akitumia mkono wa kulia, mpira wake unatokea upande wa nje, na lango analiona kama mlango uliofunguliwa kidogo. Mwenye mashoto akiruka kutoka kona ileile, mkono wake unaingia ndani, na mlango wote uko wazi mbele yake. Ndiyo maana makocha huwasaka watu wa mashoto popote walipo.

Mimi mashoto yangu yalikuwa ya kufichwa. Nilizaliwa Chakol, na mama alifariki nikiwa bado mchanga. Baba akatulea peke yake, mimi na kaka yangu. Wanasema mkono mmoja haulei mwana, lakini baba alijaribu. Alitupikia, alitufulia, na nywele zangu alizisuka vibaya kila Jumamosi jioni ili niende kanisani nikiwa nadhifu. Lakini kila tulipokaa kula, alichukua kitambaa, akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni. Kwetu mkono huo hautoi chakula wala haupokei, na haumsalimii mtu. Mtu mzima ukimpa kitu kwa kushoto umemtukana.

"Ukiolewa, nani atakubali ugali kutoka mkono huo?" alikuwa akiniuliza. Nyumbani tulisema Kiteso, naandika tu maneno yake kwa Kiswahili. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi hakuijua, lakini aliifuata kuliko walioitunga.

Tukimaliza kula, alinifungua mwenyewe, akanisugua kifundo cha mkono kwa kidole gumba mpaka alama ya kitambaa ipotee. Hakuwahi kunipiga kwa sababu ya mkono ule, hata siku moja. Nataka mjue hilo kabla hamjamhukumu.

Nilipomaliza shule nilikwenda Malaba kuuza njugu karanga kwa madereva. Enzi hizo foleni ya malori ilikuwa ndefu ajabu, na dereva alikaa juu kule dirishani, huwezi kumfikia. Kwa hiyo tulirusha. Sinia ilikaa kiunoni, imeshikwa na mkono wa kulia, na pakiti ya njugu nikaitupa juu kwa kushoto. Foleni ikianza kusonga, unakimbia ubavuni mwa lori huku ukitupa. Malaba hakukuwa na mtu wa nyumbani wa kuniona. Kulikuwa na dereva mmoja tu, Mganda, aliyenikatalia.

"Nyabo, mimi sitaki ya kushoto," alisema kutoka dirishani, akiniita mama kwa Kiganda. "Nirushie na ya kulia."

Nikabadilisha mkono, nikatupa, pakiti ikaenda chini ya gurudumu. Akacheka mpaka akapiga honi. "Haya, nyabo, rudisha ile ya kwanza."

Mtu mmoja mfupi, aliyevaa kofia ya sufu juani, alikuwa amesimama kando akituangalia. Alinifuata.

"Wewe msichana, hiyo mkono umetoa wapi?"

Nikauficha mgongoni. Nilidhani naye amekuja kulalamika. Huyo ndiye aliyekuwa Kocha wa Mizani, mtu wa Bumala, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wiki hiyohiyo alikuja Chakol kuzungumza na baba. Aliketi, akapewa chai, akaulizwa habari za Bumala na za mvua, ndipo akaingia kwenye shughuli yake.

"Mzee, nataka huyu msichana yako afanye kazi na sisi. Kampuni inamwandika kabisa. Asubuhi ofisi, jioni mpira. Ako na mkono ya kushoto kali sana."

Baba aliweka kikombe chini. "Na ya kulia imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, mzee. Lakini ya kulia niko nao wengi."

Baba alinitazama. Nilikuwa nimeukalia mkono wangu. Akakiinua kikombe tena, akanywa mpaka kikabaki kitupu.

"Aende," alisema mwishowe. "Kazi ni kazi. Lakini mimi kuja kuangalia, hapana."

Kocha alipokuwa akiaga, aliuona mfenesi wetu nyuma ya nyumba, unachuruzika utomvu mahali kaka alipoukwaruza kwa panga. Akasimama. Akamwuliza baba kama anajua kutengeneza ulimbo, ile gundi ya kunasia ndege. Kwa mara ya kwanza siku hiyo baba alitabasamu. "Hapo umeuliza mwenyewe," alisema.

Mchezaji wa mpira wa mikono hupaka gundi vidoleni ili mpira usimponyoke. Klabu tajiri hununua ya dukani. Sisi tulikuwa na baba yangu. Aliuchanja mti asubuhi, akakinga utomvu mweupe, akauchemsha juu ya makaa machache pamoja na mafuta kidogo ya kupikia, akikoroga kwa kijiti mpaka uvutike kama uzi bila kukatika. Kisha aliumimina kwenye kopo la mafuta ya kujipaka lililokwisha. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na kila Jumatatu nilipokwenda Chakol nilikuta kopo dirishani, limefunikwa. Timu nzima ilipaka ulimbo wa baba. Baada ya mechi tulinawa kwa mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni, kwa maana utomvu wa fenesi na maji matupu hawajuani.

Hakuwahi kuniuliza ulimbo ule naupaka mkono gani. Aliniuliza mambo mengine.

"Mlishinda?"

"Tulishinda, baba."

"Uliumia?"

"Sikuumia."

"Basi kula."

Nami nikala, kwa mkono wa kulia. Kisha nilikuwa nikimwambia Jumapili ijayo tunacheza nyumbani, palepale Malaba, si mbali. Baba yangu, Mkristo ambaye hakugusa jembe Jumapili maisha yake yote, alikuwa na kazi ya mihogo kila Jumapili tuliyocheza nyumbani.

Miezi ya mwanzo kazi ilinishinda. Mkono ulikuwa na nguvu, lakini ulizoea kujificha. Nikipewa pasi, niliudaka mpira kwa kushoto kisha nikaurudisha mwilini haraka kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Kocha aliona. Hakunipa mazoezi ya kutupa. Alichukua mpira, akaupaka ulimbo, akaubandika kwenye kiganja changu cha kushoto.

"Hiyo mkono iko na haya," alisema. "Itembeze."

"Niitembeze wapi, Kocha?"

"Kila mahali. Ofisi, kioski, kwa foleni. Watu waione mpaka wachoke."

Basi nikautembeza. Nilipita Malaba yote nikiwa na mpira kwenye mkono wa kushoto, wauza mandazi wakinicheka na madereva wakiniuliza mtoto huyo ni wa nani. Niliingia nao ofisini. Mkuu wa Ghala, bosi wangu wa kwanza wa asubuhi, mtu aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni na hakumwazima mtu hata moja, aliutazama juu ya miwani yake. "Mpira ni jioni," alisema. "Saa hizi ni mizigo. Lakini naona huyo hawezi kukuachilia, hebu shika karatasi na huo mwingine." Zikapita wiki, watu wakachoka kuniangalia kama Kocha alivyosema, na siku moja nikajikuta naruka kutoka kona yangu, nauachilia mpira hewani, na kipa hajui umepita wapi.

Tulichukua kikombe cha eneo letu msimu huo. Mwenyekiti wa klabu, mfanyabiashara wa malori kutoka mjini Busia, Mwislamu mzee wa kanzu safi na sauti ya chini, alikuja kutupa mkono mmoja mmoja. Vidole vyangu vya kulia vilikuwa vimeteguka, vimefungwa bandeji, na kwa furaha nikamnyoshea wa kushoto. Mwenyekiti aliutazama mkono wangu, akaiona bandeji, akanishika kiwiko cha kulia kwa mikono yake miwili.

"Binti, ule umetupa kikombe, na huu nausalimia," alisema. "Hakuna aliyekosa heshima hapa."

Nilitamani sana baba angekuwepo asikie.

Baadaye tulipata Meneja wa Michezo kutoka Nairobi, mama mmoja mchangamfu aliyetupangia safari, akatuletea jezi mpya na kusema kwamba timu yake ndiyo pekee nchini inayonukia matunda. Chini yake tulicheza miji mingi. Nilijifunza mapigo ya kona: kuudundisha mpira chini karibu na mguu wa kipa, kuuzungusha kwa kifundo ili utue nje ya lango kisha ujipinde ndani, na kumtazama kipa machoni huku mkono unafanya mambo yake. Ofisini nilitoka ghalani nikaenda mapokezi, kutoka mapokezi nikawa msimamizi wa vifurushi. Niliolewa na fundi wa breki wa hapohapo Malaba, mtu ambaye akiwa na njaa haulizi sahani imeletwa na mkono gani, kwa hiyo hofu ya baba kuhusu ndoa haikutimia.

Katika miaka yangu bora, kocha wa klabu kubwa ya Nairobi alinifuata baada ya mechi. Alikuwa amesimama kwenye maranda ya mbao na viatu vyake vyeupe.

"Sister, huku utakufa na vumbi," alisema. "Kuja kwetu. Tuko na uwanja wa ndani, floor ya mbao, hakuna lori, hakuna oil. Unangoja nini?"

"Kuna mtu namngoja," nikamjibu.

Habari hiyo ilienea Malaba kabla sijamaliza kunawa. Wenzangu wakasema nina dereva Kampala. Mume wangu alisikia, akacheka, akaniuliza huyo dereva breki zake zinatengenezwa na nani. Niliwaacha waseme. Kocha peke yake ndiye aliyejua nangoja nani, na hata yeye hakuwahi kulitaja jina.

Mcheza kwao hutuzwa, Waswahili walisema, na tuzo niliyoitaka mimi haikuwa kikombe. Nilimtaka baba asimame pale ukutani kati ya madereva, auone mkono alioufunga ukifanya kazi yake, na aseme lolote, hata "basi" yake ile. Mtu aliyeshindwa kuja Malaba angekuja Nairobi? Ndiyo sababu nilibaki. Wengine huita uaminifu kwa klabu, na mimi niliipenda Mizani kweli, lakini msingi wa uaminifu wangu ulikuwa kiti kimoja cha mtazamaji.

Siku ya mechi yangu ya kuaga, klabu iliweka kiti hicho hasa. Kiti cha ofisini chenye mito, mbele kabisa, karibu na kona yangu. Nilikuwa nimemwambia baba mwenyewe, nimempelekea na shati jipya. Asubuhi kaka yangu alifika Malaba peke yake, na kopo mkononi.

"Mzee amesema anakusalimia," kaka alisema, akitazama chini. "Amesema hii ndio ya mwisho, ameipika vizuri zaidi."

Sikulifungua. Nilicheza kwa ulimbo wa wiki iliyotangulia. Kocha, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo na kofia yake ileile ya sufu, alilichukua lile kopo jipya mikononi mwangu, akaenda nalo polepole hadi kwenye kiti, akaliweka juu ya mto. Mechi nzima hakuna aliyekaa pale. Nilifunga bao langu la mwisho nikitazama kopo la mafuta ya kujipaka, na niliporudi kwenye chumba cha kubadilisha nguo nililia mpaka Meneja akanifungia mlango ili nisionekane. Nilimkasirikia baba siku ile. Nilikuwa nimemngoja maisha yangu yote ya kazi.

Nililiweka kopo kabatini bila kulifungua, nikastaafu.

Kiharusi kilimpata baba msimu wa kupanda uliofuata. Kilimshika upande wa kulia, mkono na mguu. Hospitali walifanya kazi yao, maneno yakamrudia polepole, wakaturuhusu kurudi naye nyumbani na kutuambia ale vizuri na afanye mazoezi. Haukupita muda kaka akanipigia simu.

"Dada, mzee hali."

"Kwani hana hamu?"

"Hamu iko. Mkono ya kulia imekufa, na ya kushoto anasema si ya kula. Wifi yako akitaka kumlisha, anafunga mdomo. Anasema yeye si mtoto. Kuja, dada. Anaisha."

Nilikwenda Chakol siku hiyohiyo. Baba alikuwa ameketi barazani, shati nililompelekea linaning'inia mabegani. Nilimwekea ugali na samaki. Akautazama, akautazama mkono wake wa kushoto uliolala magotini, akageuza uso. Nikajaribu kumlisha. Akafunga mdomo, na machozi yakamtoka, si kwa hasira, kwa aibu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia nami. Mtu mwenye mkono mzima alikuwa anakufa njaa mbele ya sahani, kwa heshima.

Nikiwa pale nyuma, nikiuegemea ule mfenesi, nilimkumbuka Kocha. Nikarudi Malaba, nikatoa kabatini kopo la mwisho na mpira mmoja wa zamani. Ulimbo ulikuwa mgumu juu, lakini chini ulikuwa laini bado. Niliupasha moto mbele ya baba. Alinusa.

"Huo ni wangu," alisema.

"Ni wako. Hebu lete mkono."

Hakuuleta. Nikauchukua mwenyewe kutoka magotini, nikampaka vidole, kimoja kimoja, nikaubandika mpira kwenye kiganja chake. Alijaribu kuuachilia, haukuachika. Aliutazama mpira, akanitazama mimi, akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umenitega kama ndege."

"Mkono wako una haya, baba," nikamwambia. "Tuutembeze."

Siku za kwanza tuliuzungusha uani tu. Nilimshika upande wa kulia, uliokufa, na upande wa kushoto mpira ulitutangulia. Jioni alikubali kushika kikombe cha uji kwa mkono huo, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kisha tukafika barabarani. Kisha, siku ya soko, tukaingia sokoni Chakol. Hapo nilihisi mwili wake wote unakaza, kwa maana kila mtu wa rika lake angemnyoshea mkono wa kumsalimia, naye hana wa kulia wa kutoa.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenzake wa kanisani, muuza kamba. Alinyosha mkono kama kawaida, akaona, akasita. Kisha akaupigapiga mpira kwa kiganja chake, taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto kichwani.

"Yoga, Ekisa," alimsalimia kwa Kiteso, akimtaja jina.

"Yoga," baba akaitika.

Wengine walikuwa wanaangalia, na watu wa soko hawahitaji kufundishwa mara mbili. Mama wa samaki akaupiga mpira. Fundi cherehani akaupiga, akalalamika kwamba umemnata, baba akamwambia kwa fahari kwamba ulimbo ule ni wa mkono wake. Kabla hatujafika mwisho wa soko alikuwa akiunyosha mpira mwenyewe, kwa kushoto, kwa kila aliyekuja. Siku ile alikula hadharani, kwenye benchi la muuza chai, akashika chapati kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyegeuza kichwa.

Tuliporudi tulipumzika barazani. Akaanza kusema bila kunitazama.

"Nilijua Malaba si mbali."

Nikachovya kitambaa kwenye mafuta, nikaanza kumfuta ulimbo vidoleni.

"Nilikuwa nasikia redio ya jirani wakikutaja. Nikivaa kiatu, nikifika barabarani, narudi. Niliogopa nitakuona, nijue kwamba nilikufunga bure."

Nilikuwa nimeyangoja maneno yale miaka mingi, na nilikuwa nimeyatayarishia majibu makali. Nikatoa jingine.

"Ulinifunga taratibu, baba," nikasema. "Na ulinifungua mwenyewe."

Sasa ninyi mnaoanza kazi hii, yadi yetu siku hizi haina malori mengi. Forodha imebadilika, foleni haikai tena kama zamani, na saruji imechorwa mistari ya rangi inayoonekana. Gundi mnayo ya dukani. Hilo ni jema, nami sioni sababu ya mtu kufagia oili akiwa na namna nyingine. Hamlazimiki kukaa klabu moja maisha yote. Anayehama kwa sababu nzuri namwombea safari njema. Nawaomba jambo moja tu, mkiwa na mtu mnayetaka awaone, msingoje kama nilivyongoja mimi, kimya, kwa kuweka kiti. Nendeni mkamchukue. Kocha, ambaye siku hizi anakaa kwake Bumala na kuku wake, nilimpelekea habari za soko la Chakol. Alivua kofia yake ya sufu, akaiweka magotini, akasema tu, "Kwa hivyo sasa iko na wawili, timu ya kushoto."

Juzi kaka aliangua fenesi la kwanza la msimu. Tuliketi barazani, baba na mimi, tukapaka mafuta mikononi ili tusinate. Baba alichimba ndani ya fenesi kwa vidole vya kushoto, polepole, bado si hodari, akatoa tunda moja nono la manjano. Nilidhani atalila. Akaninyoshea.

Maisha yangu yote hakuwahi kunipa kitu kwa mkono ule. Nikatoa wangu wa kulia kupokea, kama alivyonifundisha.

Hakuliachilia. Akatikisa kichwa.

"Si huo," alisema.

Nikatoa wa kushoto.